Tumemaliza "Wizard of the Crow" kwa miezi saba, Mji wa Kale, Mombasa: wasomaji watano, msikilizaji mmoja, na hatukubaliani

Dirisha la Ndia Kuu

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Juzi usiku, baada ya Isha, nimesoma mstari wa mwisho wa Wizard of the Crow cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Miezi saba. Nilikianza wiki ile zilipofika habari za kifo chake, Mei 28, 2025, kwani niliona vibaya: vitabu vyake vyembamba nilivisoma shuleni na kuvifanyia mtihani, na hiki kinene kuliko vyote kilikuwa juu ya kabati la marehemu mjomba tangu nikiwa msichana, kimejaa vumbi.

Kwa asiyekijua: ni kurasa zaidi ya 700, zimegawanywa Vitabu sita ndani ya jalada moja. Alikiandika kwa Kigikuyu, Mũrogi wa Kagogo, yaani Mchawi wa Kunguru, kikaanza kutoka Nairobi vipande vipande mwaka 2004, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, 2006. Nchi ni Aburĩria, ya kubuni. Mtawala wake amekalia kiti muda mrefu hata mwenyewe hakumbuki alikikalia lini. Siku ya kuzaliwa kwake mawaziri wanamzawadia wazo la jengo litakalofika mbinguni, na pesa za kulijenga zikopwe Global Bank. Upande wa pili kuna Kamĩtĩ, kijana aliyesoma mpaka India na hana kazi wala chakula, na Nyawĩra, mchana katibu wa ofisi, usiku mwanaharakati. Usiku mmoja wakikimbizwa na polisi, Kamĩtĩ anatundika mlangoni tangazo kwamba hapa pana mchawi, ili polisi waogope. Wakaogopa. Kesho yake mmoja wao akarudi, peke yake, kutaka kuaguliwa. Kutoka hapo hadithi haishikiki tena.

Nakala tuliyokuwa nayo ni moja. Wasomaji tulikuwa watano: mimi, dada yangu, binamu aliye chuoni, jirani fundi cherehani, na rafiki yangu wa ng'ambo, Likoni. Kungoja mmoja amalize kurasa 700 ndipo ampe mwenzake, tungefika 2027. Basi fundi akachukua kisu chake cha ngozi akakitenga kitabu kwenye mshono, vipande sita, kila kipande akakivisha jalada la karatasi ya kaki na kukishona. Vikazunguka.

Na kulikuwa na msikilizaji. Bibi yangu macho yake yamefifia, na Kiingereza hakukisoma. Kila usiku nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikamsomea kwa Kiswahili, natafsiri papo hapo, kurasa tatu, nne, siku nyingine kumi.

Sasa matokeo. Binamu alikimaliza kwa siku kumi na moja, kimya, na vidude vyake masikioni, akasema kinachosha, mambo yanarudiwarudiwa. Dada alikwama Kitabu cha Pili na hajatoka. Fundi amekipenda kupita kiasi, alikuwa akikisoma dukani kwa sauti na wateja wakikaa kusikiliza nguo zao zikingoja. Rafiki wa Likoni atasema mwenyewe hapa chini, nimemwita. Na Bibi, ambaye hakushika hata ukurasa mmoja mkononi, ndiye aliyekijua kuliko sote.

Mimi naamini kitabu hiki kimeandikiwa sikio, na anayekisoma kimya anakila bila chumvi. Kurudiwa kule kunakomchosha binamu, mimi nimeona kazi yake kwa macho yangu. Bibi husinzia. Mtu akisinzia kidogo akaamka, mambo yakiwa hayarudiwi, kesho utamwambia nini? Yule polisi aliyerudi kuaguliwa, A.G., anasimulia sehemu kubwa ya habari akiwa baa, na kila mara anaapa "Haki ya Mungu!", kwa Kiswahili chetu hichohicho, katikati ya kitabu cha Kiingereza. Mara ya kwanza nilipofika hapo Bibi aliitikia "Eee!" kama aliyeulizwa yeye. Kuanzia siku hiyo akawa anaitikia kila kiapo.

Waliokisoma, au waliojaribu wakashindwa, semeni. Nataka hasa walioshindwa. Tahadhari: tutataja mwisho.

Kurasa Mia

Mimi ni katika walioshindwa, dada, na sioni haya.

Nilifika karibu ukurasa wa 200. Nakipa haki yake: mwanzo ni mzuri ajabu. Zile kauli tano za watu kuhusu ugonjwa wa Mtawala, wengine wakisema ni hasira, wengine machozi ya mkewe, wengine mashetani anayoyafuga, pale nilikaa wima. Lakini baada ya hapo kila mtu akifungua kinywa anatoa hotuba. Kamĩtĩ na Nyawĩra wamekimbilia msituni, usiku, wawili peke yao, na bado wanajadili siasa. Niliwatafuta kama watu nikawakosa.

Na hili la sikio silipingi, ila mimi nilinunua kitabu. Mwandishi anayetaka kusikilizwa na asimulie. Ukishaamua kupiga chapa, una deni kwa mtu aliyekaa peke yake chini ya taa baada ya kazi, amechoka, ana nusu saa yake tu. Kumwambia mtu huyo "hukuelewa kwa kuwa hukusoma kwa sauti" ni kumtwika kosa la mwandishi.

Nasoma vitabu virefu. Urefu wenyewe haunitishi.

Zamani Makadara

Mlikikata? Kitabu cha marehemu mjomba wako, mkakikata kwa kisu?

Dirisha la Ndia Kuu

Tulikitenga kwenye mshono, mzee wangu, hakuna hata ukurasa uliochanika. Na kwa Kigikuyu kilitoka hivyohivyo, vipande. Mjomba alikuwa nahodha, alichukia kitu kinachokaa bila kazi. Nadhani angeridhika kuona kimesomwa na watu watano kuliko kubaki kizima juu ya kabati.

Mtu wa Feri

Ndimi huyo wa Likoni.

Mimi nimekisoma kwenye feri. Miaka kumi na mbili navuka asubuhi na jioni, kwa hivyo Kitabu cha Pili, kile cha foleni, nimekisoma nikiwa ndani ya foleni. Naomba watu wa Nyali na Tudor wanivumilie kidogo hapa kwani hii sehemu kuna kitu ambacho huwezi kukijua ukiwa huvuki maji kila siku.

Foleni inaanza nje ya ofisi ya Tajirika, mfanyabiashara. Watu wanatafuta kazi. Upande mwingine inaanza foleni ya matajiri wanaoleta bahasha ili wapewe zabuni za lile jengo la mbinguni. Halafu zinarefuka. Mtu anaona foleni, anaunga, ndipo anauliza ni ya nini. Zinafika mahali hakuna anayejua kichwa kiko wapi. Serikali kwanza inafurahi, inawaonyesha watu wa Benki: tazameni, raia wanalipenda jengo. Baadaye inagundua kwamba watu waliosimama pamoja siku nzima huzungumza, na inapiga foleni marufuku.

Binamu yako anasema hii sehemu ni ndefu mno. Ni ndefu. Foleni ni ndefu. Niliposimama pale kwenye mteremko wa upande wa kisiwani, jua la saa tisa, geti limefungwa, feri moja imeharibika, nikageuza ukurasa nikakuta bado wanapanga foleni, nikageuza mwingine bado, sikuchoka. Nilihisi mtu amekaa kando yangu. Jamaa mmoja nyuma yangu akaniuliza nacheka nini. Nikamsomea. Akasimama mwingine. Tulipofunguliwa geti watu wanne walikuwa wanataka kujua yule waziri mwenye masikio alifanywa nini.

Hayo ndiyo maoni yangu kuhusu urefu.

Mpiga Kura wa Zamani

Mtu wa Feri umenigusa. Vijana hawajui kwamba kwetu sisi wazee neno mlolongo lina kidonda. Mwaka 1988 tulipiga kura kwa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wa mgombea wako, hadharani, jirani akuone, mwajiri akuone. Nilikuwa Changamwe. Mlolongo wetu ulikuwa mrefu, kila mwenye macho aliuona, na jioni tukaambiwa tumeshindwa na mlolongo mfupi. Tulirudi nyumbani kimya.

Nilipofika sehemu ya foleni ndani ya kitabu hiki, watu wanasoma wanacheka, mimi ilinibidi nikiweke chini siku mbili. Wanaosema ni kitabu cha ndoto na maajabu, wajue kuna tuliokisoma kama shajara.

Kurasa Mia

Mzee wangu, shikamoo. Hilo siwezi kulijibu, na sitajaribu. Labda tofauti ni hiyo basi: mimi nimezaliwa 1996. Nilipoona mawaziri wanamlamba Mtawala viatu kurasa hamsini mfululizo nilisema nimeelewa, tuendelee. Wewe ulikuwa unawatambua mmoja mmoja.

Lakini riwaya inayohitaji msomaji awe ameishi miaka ile ndipo imkae, hiyo nayo ina upungufu wake.

Mpiga Kura wa Zamani

Marahaba. Subiri kidogo, mwanangu. Utaishi yako.

Zamu ya Usiku

Naandika nikiwa nimetoka zamu, samahani kama maneno hayajanyooka.

Mwasema wahusika ni hotuba tupu. Hamjamtaja Vinjinia hata mmoja wenu! Mke wa Tajirika. Mwanzoni ni mama wa kanisani, kimya, mume anasema yeye anaandaa chai. Anakamatwa, anatoka, mume anampiga. Halafu kina mama wanamchukua yule mume usiku na kumketisha mbele ya mahakama yao wenyewe, wamejifunika nyuso, wanamuuliza: kwa nini unampiga mkeo? Na yeye, mtu wa mamilioni, hana jibu.

Mimi kazini napokea wanawake "walioanguka kwenye ngazi". Nyumba ya chumba kimoja, chini, haina ngazi. Naandika nilichoambiwa. Sehemu ile ya mahakama niliisoma mara nne. Sikutaka kujua kama imeandikwa vizuri au vibaya, nilitaka tu iendelee.

Vinjinia huyohuyo baadaye anabadilika polepole mpaka unashtuka ni mwingine, na mabadiliko hayo ndugu yangu Kurasa Mia yako mbele ya pale ulipoachia. Kitabu kirefu hukawia kutoa watu wake. Mtu unayemuona wodini siku moja na mtu unayemuona miezi sita, hukuti ni yuleyule.

Swali la Imani

Mimi nina tatizo lingine na sijaona likitajwa. Jina lenyewe. Mchawi. Nina watoto, nyumba yangu ni ya swala, kitabu chenye mchawi kama mtu mwema sikiingizi ndani. Na dada, samahani, kumsomea mtu mzima aliye katika umri wa bibi yako habari za uaguzi kila usiku baada ya Isha, umeliwaza hilo?

Pia nasikia kuna mahali wanawake wanafanya jambo la aibu mbele ya hadhara. Mnamsomea bibi hayo?

Siulizi kwa ubaya.

Dirisha la Ndia Kuu

Nimeliwaza, na hukukosea kuuliza. Kuhusu kina mama: ndiyo, wanamgeuzia Mtawala na wageni wake migongo na kujifunua, ni laana ya zamani ya kwao. Nilipofika hapo usiku ule nilinyamaza. Bibi akaniambia, "Mbona wakata?" Nikamwambia hapa pana aibu, Bibi. Akasema, "Aibu ya nani?" Nikamsomea. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama hawa ndio wale akina mama wa Nairobi waliovua nguo mwaka ule wakidai watoto wao watolewe gerezani. Alikuwa anaikumbuka Machi 1992, Uhuru Park. Mimi sikuwa nimeiunganisha, yeye ndiye aliyeniunganishia.

Kuhusu uchawi ningependa maalim wetu wa jioni ajibu, yeye amesoma mbali.

Maalim wa Jioni

Nimeitwa, nami nakuja.

Ndugu Swali la Imani, hofu yako naiheshimu, ila tutazame neno. Mũrogi kwa Kigikuyu na mrogi kwa Kiswahili ni ndugu wa baba mmoja, kutoka kuroga. Ni neno baya kwao kama lilivyo baya kwetu. Kamĩtĩ alilichagua makusudi kwa kuwa linatisha. Hakulitundika mlangoni kama cheo. Alilitundika kama mbwa mkali. Na uganga wenyewe anaoufanya mule ndani ni upi? Polisi anakuja anataka adui zake waondoke njiani apande cheo. Kamĩtĩ anamwekea kioo, anamwambia mfikirie adui yako mpaka umuone, kisha anakikwaruza kioo kwa kisu. Basi. Aliyeroga ni roho ya yule polisi mwenyewe. Ukikifuata kitabu kwa makini, wachawi waliomo humo ni wale wenye ofisi.

Ingawa sitaki kukuficha: yako mambo ya ajabu ya kweli pia. Kamĩtĩ mwanzoni kabisa anauacha mwili wake jalalani kwa njaa na kupaa kama ndege, na wazoa taka wanamdhani maiti. Hilo halielezwi na kioo. Wahakiki wetu wana neno uhalisia mazingaombwe, na wewe una haki ya kutolipenda.

Sasa niseme langu, na nitachukua nafasi kidogo.

Mimi kitabu hiki nakisoma kama Mswahili, na naona tumepewa mlango wa nyuma ambao msomaji wa London hana. Waziri aliyekwenda Uingereza kupanuliwa macho ili awaone maadui wa Mtawala popote walipo, anaitwa Machokali. Aliyekwenda Paris kupanuliwa masikio ni Sikiokuu. Mfanyabiashara ni Tajirika, na jina lake ni kitenzi! Msomaji wa mbali anasoma majina haya kama kelele za Kiafrika. Sisi tunacheka kabla mtu hajatenda lolote. Kisha majina ya Kigikuyu yakaja na ya kwao: Nyawĩra ni wa kazi, Kamĩtĩ ni wa miti, mtu wa msituni, na Kamiti vilevile ndilo gereza alimofungwa Ngũgĩ baada ya kukamatwa Desemba 31, 1977, akaandika riwaya juu ya karatasi za chooni. Jina moja, msitu na gereza. Jambo kama hilo huliwezi kwa haraka.

Kuhusu unene na ugumu, naomba tusivichanganye. Nagona na Mzingile vya Kezilahabi, 1990 na 1991, vinaingia mfukoni mwa koti, na mimi vilinitoa jasho kuliko kurasa 700 za huyu. Huyu ni mrefu lakini yuko wazi, sentensi zake zinatembea. Anachokudai ni muda. Na muda pwani hii tuliwahi kuutoa. Utendi wa Tambuka, wa 1728, una beti zaidi ya elfu moja, na watu walikaa ukaimbwa.

Nimalizie na kunguru. Mjini kwetu kunguru ni adui. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza wataangamiza kunguru wa Bara Hindi milioni moja, na mimi mwenyewe nilifurahi, wamenimalizia vifaranga. Halafu nikakisoma tena kitabu hiki. Ndege anayekula jalalani, asiyetakwa na mtu, anayeona kila kitu kutoka juu ya paa. Sijaacha kuwachukia. Ila sasa nikimuona juu ya ukuta ananitazama, namtazama nami.

Swali la Imani

Nimekusoma, maalim. Jazakallah kheir. Kioo nimekielewa. Watoto bado sitawapa, labda mimi mwenyewe.

Kurasa Mia

Maalim, la majina nimelipenda kweli na naona nililipita bure. Lakini Tajirika anaitwa Tajirika na anatajirika, Machokali ana macho makali, wote mpaka mwisho ni jina tu. Mtu anayefanana na jina lake kurasa 700 hana siri. Sanaa ya tendi na sanaa ya riwaya si moja. Katika riwaya namtaka mtu anayenishangaza.

Zamu ya Usiku ndiye aliyenitikisa, si wewe. Nitarudi kumtafuta Vinjinia.

Mkazi wa Bamburi

Mimi ni mtu wa bara, niko pwani mwaka wa tisa, Kiswahili changu mtakivumilia.

Nilisoma vipande vya mwanzo kwa Kigikuyu, cha Kiingereza nikakijaribu baadaye nikakiacha. Si kibaya. Lakini kwa Kigikuyu yale marudio mnayoyabishania hayaonekani hata. Yanaingia na pumzi. Mama yangu alikuwa akipika, mimi nasoma, nikiruka mstari anajua. Kwa Kiingereza nikaona sentensi ileile imesimama kama mtu aliyekuja arusini na nguo za kazi.

Riwaya yake ya gerezani, ile ya 1980, amesimulia mwenyewe kwamba watu waliisoma kwa sauti majumbani na kwenye baa, msomaji akinunuliwa bia aendelee. Mimi naona dada wa Ndia Kuu alipomtafsiria bibi yake kwa Kiswahili usiku, alikirudisha karibu na kilikotoka kuliko Kiingereza cha mwandishi mwenyewe. Sijui kama nimelisema sawasawa.

Dirisha la Ndia Kuu

Umelisema sawasawa kabisa, na umenitoa machozi hapa kazini.

Nikupe mfano mmoja. Tajirika anapofanywa mwenyekiti wa lile jengo, watu wanamletea pesa mpaka zinajaa magunia, na usiku huo anaugua: anajikuna uso mbele ya kioo na neno moja tu linamtoka, If! If! Kamĩtĩ ndiye anayemsaidia kuitoa sentensi iliyokwama: anatamani angekuwa mweupe. Nilipofika pale sikujua niitafsiri vipi. "Kama" ni jepesi mno. Nikasema "Laiti! Laiti!" Na neno hilo kwetu lina majuto ndani yake tayari, Kiingereza hakina. Bibi akashika mkono wangu. Akasema alimjua mtu aliyekufa na neno hilo mdomoni. Hakunitajia ni nani.

Sasa niseme kuhusu Bibi, maana wawili wameniuliza pembeni.

Yeye hakukipenda chote. Mambo ya Benki na wale wajumbe wa New York alilala. Wakati Mtawala anavimba mwili kule Marekani na madaktari wanashindwa, alisema mara moja tu, "Mtu akila cha watu," akageukia ukutani. Lakini Rachael! Mke wa Mtawala alimuuliza mumewe swali moja kuhusu wasichana wa shule, siku moja, mezani. Akafungiwa nyumba peke yake, na kila kitu kikasimamishwa pale pale alipouliza. Saa za ukutani zimesimama. Chakula kilekile kila siku. Wimbo uleule. Mpaka alie na kuomba radhi. Naye halii.

Sehemu hiyo ni kurasa chache tu. Bibi alinirudisha hapo usiku mwingi sana. Tuko Kitabu cha Tatu, ananiambia kwanza nisomee ya yule mwanamke wa saa. Tuko Kitabu cha Tano, hivyohivyo. Ikabidi kipande cha Kitabu cha Kwanza kisizunguke tena, kikae chini ya mto wake. Kwa hiyo miezi saba yangu si ya kitabu kimoja, ni ya kitabu kimoja na ukurasa mmoja uliosomwa pengine mara arobaini. Na kila mara, nikimaliza, huuliza, "Halii?" Namwambia halii, Bibi. "Basi endelea na hao wengine."

Babu alimkataza Bibi kwenda kwao Lamu mwaka mmoja, kwa neno alilolisema. Mwaka ukawa kumi na nne. Hili nimelijua mwezi wa nne wa kusoma, si kabla, na mimi nimelelewa nyumba hiyo.

Zamu ya Usiku

Subhanallah.

Kurasa Mia

Dada, hapo sina neno.

Nitasema hili tu, na usilichukulie vibaya: ungetaka kumsomea Rachael peke yake, kurasa chache zingetosha. Zile 700 za nini?

Dirisha la Ndia Kuu

Nimelifikiria kabla hujaliuliza. Ningemsomea kurasa hizo tu, usiku mmoja, angesema ahsante mwanangu, na ningezima taa. Alihitaji kuzoea sauti yangu na kelele za watu wote wale, mawaziri, polisi, foleni, ndipo aseme lake katikati yao. Hakuna mtu anayesema jambo kama hilo chumba kikiwa kimya.

Binamu wa Chuoni

Ni mimi ninayesemwa tangu juu. Nakubali niliharakisha. Lakini mwisho mbona hamuugusi? Baada ya yote yale, anayekaa kitini ni Tajirika! Aliyepigwa na mahakama ya kina mama, aliyeugua "Laiti", ndiye anapindua na kujiita mfalme. Nilikasirika. Siku kumi na moja nimeshikwa mkono na kurudishwa nilipoanzia.

Mpiga Kura wa Zamani

Ulitegemea nani?

Mtu wa Feri

Mimi nilipofika hapo feri ilikuwa inatia nanga Likoni, watu wote wanasukumana washuke na mimi nimekaa. Sikukasirika kwa Tajirika. Nilikuwa nawatazama Kamĩtĩ na Nyawĩra, wako hai, wanarudi kazini. Hilo lilinitosha siku ile.

Kurasa Mia

Haya. Nakubali kujaribu tena, kutoka 200. Nakala yangu nilimpa mtu. Dada wa Ndia Kuu, hivyo vipande vyenu vinaazimwa? Kwa kuwa nataka Vinjinia, niambieni nianzie kipi.

Zamu ya Usiku

Kitabu cha Tatu na cha Nne. Usiruke.

Dirisha la Ndia Kuu

Vinaazimwa, kwa sharti usome angalau kurasa kumi kwa sauti, hata kama ni peke yako. Cha Tatu kiko kwa fundi, duka la pili ukitoka Marikiti, ana mteja anayemsomea, mpe wiki. Cha Nne kiko Likoni. Cha Kwanza usikiulize, hakitoki chini ya mto.

Mtu wa Feri

Cha Nne ninacho mfukoni sasa hivi. Jumamosi saa kumi na moja jioni nitavuka. Nisubiri upande wa kisiwani, penye mihogo ya kukaanga, nitakuwa na kofia nyeupe.